Upanga niliougeuza bastola

Ujumbe uliingia saa nne usiku, kompyuta nimekwisha kuizima. Ulikuwa mstari mmoja tu.

"Kaka, hawa maofisa wa mwaka 1781 hizi bastola wamezitoa wapi?"

Mhariri wangu ni dada wa salamu ndefu, ila si akiwa kazini. Nikawasha kompyuta tena. Kazi yenyewe ilikuwa tafsiri ya maelezo ya filamu ya hali halisi, historia ya askari na silaha zao, saa moja na nusu. Sehemu aliyoizungushia duara inahusu Yorktown, katika vita vya uhuru wa Marekani. Jeshi la Uingereza chini ya Cornwallis limezidiwa na Wamarekani pamoja na Wafaransa, askari wanatoka kwa mistari na kuweka bunduki zao chini, na mimi nimeandika: "lakini maofisa waliruhusiwa kubaki na bastola zao."

Kiingereza kilisema *side-arms*, silaha za ubavuni.

Hapo nikakumbuka nilichokuwa nimefanya. Neno hilo lilipojitokeza mara ya kwanza lilikuwa kiunoni mwa polisi wa siku hizi. Nikaandika bastola, na ilikuwa sawa. Mara ya pili lilikuwa kwa rubani wa ndege ya kivita. Bastola tena. Mara ya tatu uvivu ukanishika: nikaiagiza programu ilitafute neno hilo popote lilipo na kuweka "bastola". Ikatii bila swali. Sehemu kumi na saba.

Wala sina wa kumlaumu. Rasimu ya mashine ilikuwa imenitangulia na "alichomoa mkono wake wa pembeni", nikacheka hadi machozi, nikaipiga picha na kumtumia mdogo wangu. Siku tatu baadaye nikafanya kosa baya kuliko lile, kwa sababu halionekani. Mkono wa pembeni kila msomaji ataushtukia. Bastola ya 1781 inapita kimya kimya, na mtu analala nayo kichwani akidhani ameelimika.

Nikamjibu: "Nimerekebisha, dada. Ni panga."

Akarudi: "Una hakika ni panga?"

Sikuwa na hakika.

Swali hilo limekaa nami wiki sita. Kazi ilishatoka mkononi, malipo yalishaingia, na bado nikiwa naosha vyombo najikuta naliwaza neno la watu wengine.

Mkono hauna hatia kubwa

Tuimalize kwanza ile ya mashine, maana ina kisingizio kidogo.

Kiingereza kina maneno mawili yanayofanana sura. Mkono wanauita *arm*, neno lao la tangu kale, ndugu wa Kijerumani. Silaha wanaziita *arms*, neno lililokuja kwao kupitia Kifaransa kutoka Kilatini, *arma*. Wanaochimba mizizi ya lugha wanasema huko nyuma kabisa mashina yote mawili yanakutana kwenye maana ya kuunga, kupachika kitu na kitu. Hilo mzungumzaji wa Kiswahili halimsumbui, sisi mkono tunauita kiungo cha mwili bila kwenda shule ya Kilatini.

Na kuna mchezo mmoja ambao mashine ingepata alama zote. Kwenye besiboli, mrushaji anayepitisha mkono usawa wa ubavu, si juu ya bega wala chini ya kiuno, huambiwa anarusha *sidearm*. Hapo ni mkono kweli. Kwa hiyo mashine haikuota, ilichagua dunia isiyo yake.

Tatizo langu halikuwa mkono. Lilikuwa ule ubavu.

Pembeni, kando, upande

Jaribu mwenyewe. Silaha ya pembeni. Mimi nikisikia hivyo naona bunduki iliyoegemezwa kwenye kona ya chumba, imesahauliwa. Silaha ya kando nayo inanuka biashara ya magendo. Silaha ya upande haina upande wowote.

Nikajaribu silaha ya akiba. Hii niliipenda siku mbili nzima. Askari wa miguu ana bunduki yake kubwa, ndiyo kazi yake. Bastola iko kiunoni kwa siku bunduki itakapokwama au risasi zitakapoisha. Akiba. Safi. Kisha nikamkumbuka polisi wa onyesho la kwanza. Yule hana bunduki nyingine. Kutwa nzima anaendesha gari, anaandika taarifa, anaongea na watu wenye hasira, na kiunoni ana hiyo hiyo moja. Huwezi kuiita akiba wakati hakuna iliyotangulia.

Silaha ya pili? Kosa lile lile limevaa shati jingine.

Nikarudi kwenye "panga", nikagundua nimejichimbia shimo la pili. Wingi wa upanga ni panga. Na panga, kwa msomaji wangu, ni lile la kufyekea. Soma sasa: maofisa wa Kiingereza, koti jekundu, vifungo vinang'aa, wanaondoka Yorktown na panga zao. Wanakwenda kulima? Kiswahili kina neno kitara kwa upanga uliopinda, na ni neno zuri, lakini nikiliweka nitakuwa nimeamua umbo la chuma ambacho sijakiona.

Hapo ndipo nilipofanya nililopaswa kulifanya mwanzo. Nikaenda kuusoma mkataba.

Walichoweka chini na walichobaki nacho

Masharti ya Yorktown yalitiwa saini tarehe 19 Oktoba 1781. Kipengele cha tatu kinaeleza jinsi askari watakavyotoka: bendera zimefungwa, ngoma zinapigwa, wanafika mahali walipopangiwa na kuweka silaha chini. Kipengele cha nne kinaanza kwa kusema maofisa watabaki na *side-arms* zao, kisha kinaendelea na mali binafsi za maofisa na askari, na kwamba mizigo yao na karatasi zao hazitapekuliwa.

Niliisoma mara tatu, kwa sababu mpangilio wake ulinishangaza. Silaha ziko kipengele cha tatu. Hii ya ubavuni haiko huko. Imewekwa kipengele cha nne, jirani na masanduku ya nguo na barua za nyumbani.

Sisi tunasema "kuweka silaha chini" tukimaanisha kusalimu amri. Pale Yorktown waliziweka chini kweli, zikagusa udongo. Na bado ofisa aliyesalimu amri alisimama pale pale na chuma kiunoni, na hakuna aliyeona mgongano wowote. Kwa hesabu ya wakati ule, kile cha kiunoni hakikuwa sehemu ya silaha za jeshi. Kilikuwa sehemu ya mtu.

Mkataba wenyewe haukutaja ni kitu gani. Kwa ofisa wa enzi hizo upanga ndio uliotangulia akilini, ndiyo. Lakini bastola zilikuwepo. Walioandika hawakuhesabu. Walitaja mahali kilipo na kuishia hapo.

Kwa hiyo mhariri alikuwa sahihi mara mbili. Bastola ilikuwa kosa, na panga nalo lilikuwa kisio.

Grant na mstari ambao hakuupanga

Filamu ilikuwa na sehemu nyingine ya aina hiyo, na hii mhariri hakuiona. Niliiona mimi, nikanyamaza siku nzima kabla ya kumwambia.

Appomattox, Virginia, tarehe 9 Aprili 1865. Ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Lee, jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, anasalimu amri kwa Grant, jenerali wa upande wa serikali, katika sebule ya nyumba ya mtu. Lee amevaa sare mpya na upanga wa fahari. Grant amefika na matope kwenye viatu, koti la askari wa kawaida, hana upanga. Anaketi, anaandika masharti kwa mkono wake. Bunduki, mizinga na mali ya umma vikusanywe na kukabidhiwa. Halafu anaongeza kwamba hilo halitagusa *side-arms* za maofisa, wala farasi wao binafsi, wala mizigo yao.

Silaha, farasi, mizigo. Karibu jirani wale wale wa Yorktown, miaka 84 baadaye.

Haikuwa mara yake ya kwanza. Mji wa Vicksburg ulipoanguka mwezi Julai 1863, katika vita hivyo hivyo, masharti ya Grant yaliwaacha maofisa watoke na silaha zao za kiunoni na nguo zao, na wale wa vyeo fulani farasi mmoja kila mmoja. Lakini Appomattox ndiyo iliyozaa hadithi. Watu walisimulia kwamba Lee alimkabidhi Grant upanga na Grant akamrudishia, mambo ya kiungwana, wachoraji wakafurahi. Grant mwenyewe katika kumbukumbu zake aliikataa hadithi hiyo. Alisema ni ngano tupu: neno upanga au *side-arms* halikutajwa na yeyote kati yao hadi alipoliandika katika masharti, na hakuwa amelipanga, lilimjia pale pale kalamu ikiwa kwenye karatasi. Kuwataka maofisa wavue silaha zao aliona ni kuwadhalilisha bila sababu.

Nikakaa na picha hiyo. Mtu asiye na upanga anaandika, mbele yake kuna mtu mwenye upanga, na neno linalojitokeza si "upanga". Angeweza kuandika upanga. Alikuwa anautazama. Lakini mwaka 1865 maofisa wengi walikuwa na upanga na rivolva pia, na neno pana likawafunika wote, mwenye chuma na mwenye risasi.

Hapa ndipo nilipoanza kuamini kwamba neno hili si jina la kitu hata kidogo. Ni jina la mahali pa kitu.

Na mahali hapo pamepangishwa kwa zamu. Upanga ulikaa pale karne nyingi. Singe ikakaa, kwa askari wasio maofisa. Samuel Colt alipata hataza yake ya rivolva mwaka 1836, na kidogo kidogo upanga ukabaki wa gwaride. Jeshi la Marekani likaipokea bastola ya M1911 mwaka 1911, likakaa nayo hadi 1985 lilipochagua M9, likabadilisha tena mwaka 2017. Mpangaji anatoka, mpangaji anaingia, jina la chumba ni lile lile. Mimi nilikuwa nimekipa chumba jina la mpangaji wa mwisho.

Wengine walipita njia ipi

Nilipata faraja ndogo kuona si Kiswahili peke yake kinachotoka jasho.

Wajerumani wana *Seitengewehr*. Anayejifunza Kijerumani atasoma "bunduki ya ubavuni", kwa kuwa *Gewehr* siku hizi ni bunduki. Kumbe ni singe. Zamani *Gewehr* ilimaanisha silaha yoyote ya kujihami, halafu ikajifinya ikawa bunduki, na lile neno refu likabaki limebeba maana ya babu yake. Kwa hiyo mtu anaitwa aje na bunduki ya ubavuni, anakuja na kisu kirefu.

Wafaransa hawakujali mahali inapokaa. Bastola kwao ni *arme de poing*, silaha ya ngumi. Yaani waliitaja ikiwa kazini, mkononi, wakati Mwingereza aliitaja ikiwa imelala. Hilo linanipa raha kuliko linavyostahili.

Lakini walionigusa ni Wajapani. Upanga mfupi wa samurai unaitwa *wakizashi*, na ukilifungua neno lenyewe ni kile kilichochomekwa ubavuni. Samurai akiingia nyumba ya mwenyeji, upanga mrefu aliuacha. Ule mfupi alikaa nao. Mwaka 1876 serikali ya Meiji ikapiga marufuku kutembea na panga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na walio katika mavazi rasmi, na waliolia hawakuwa wanalilia chuma. Walikuwa wanalilia kiuno kitupu.

Wajenzi wa ukuta

Jawabu halikutoka kwenye kamusi. Lilitoka kwa Nehemia.

Mnaijua sura ya nne. Ukuta wa Yerusalemu unajengwa upya, maadui wanatishia, watu hawawezi kuacha kazi na hawawezi kuacha ulinzi. Wabeba mizigo wanabeba kwa mkono mmoja na kwa mwingine wameshika silaha. Na wajenzi, ambao wanahitaji mikono yote miwili kwa sababu jiwe halipangwi kwa mkono mmoja, wanajenga kila mtu upanga wake umefungwa ubavuni.

Nimeisikia habari hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuona kwamba inawagawa watu wawili. Yule wa kwanza ameshika silaha. Yule wa pili amejifunga. Wa kwanza ni mlinzi anayebeba mzigo. Wa pili ni fundi, fundi kabisa, silaha imejikalia hapo.

Hapo kila kitu kikajipanga. Rubani mikono yake iko kwenye usukani wa ndege. Dereva wa kifaru yuko ndani ya chuma, bunduki ndefu haina pa kugeukia. Ofisa kazi yake ni kutazama, kuamua, kuamrisha; akianza kupiga risasi yeye mwenyewe basi mambo yameharibika. Daktari wa jeshi mikono yake imo ndani ya jeraha. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, kifungu cha 22, unasema wahudumu wa tiba hawapotezi ulinzi wao kwa kuwa na silaha na kuitumia kujilinda wao au wagonjwa walio mikononi mwao. Sheria inamfahamu yule mjenzi wa ukuta.

Basi silaha ya ubavuni ni ya mtu mwenye kazi nyingine.

Nilitaka kumpigia mhariri saa hiyo hiyo. Ilikuwa saa nane usiku, nikajizuia. Asubuhi nilipomweleza alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa kaka, lakini hiyo si tafsiri, hiyo ni mahubiri. Kwenye maandishi chini ya picha nina herufi arobaini."

Kubeba na kuvaa

Alikuwa na haki. Nikarudi kutafuta si nomino bali kitenzi, maana Kiswahili kikishindwa na jina mara nyingi hujiokoa na tendo.

Kiingereza husema mtu *carries* silaha. Sisi tunasema anabeba. Lakini kubeba kwetu kuna uzito ndani yake: mtoto mgongoni, gunia, lawama. Bastola iliyo kwenye mkoba wa mkanda haibebwi, inavaliwa. Anayetoka na upanga kiunoni amejifunga upanga, kama anavyojifunga mkanda. Tofauti hii ilionekana kwangu ndogo mno, hadi nilipogundua kwamba majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliwahi kugawanyika juu yake.

Ni kesi ya Muscarello, mwaka 1998. Sheria iliongeza kifungo kwa mtu ambaye katika kosa la dawa za kulevya *carries* bunduki. Bwana huyu bastola yake ilikuwa kwenye kisanduku cha mbele cha gari, kimefungwa kwa ufunguo. Je, alikuwa ameibeba? Majaji wakafungua kamusi, wakafungua Biblia ya King James na vitabu vya hadithi, upande wa pili ukaita hadi tamthilia ya televisheni itoe ushahidi. Watano walisema ndiyo, gari likiibeba na yeye ameibeba. Wanne, wakiongozwa na Ginsburg, walisema kubeba silaha ni kuwa nayo mwilini, nguoni au mfukoni, tayari kwa kutumika.

Miaka kumi baadaye, katika kesi ya Heller, mahakama hiyo hiyo ikagawanyika tano kwa nne juu ya *bear arms*, maneno ya marekebisho ya pili ya katiba yao, yaliyopitishwa mwaka 1791. Scalia, kwa upande ulioshinda, alisema *bear* ni kubeba tu, akayaazima maneno ya Ginsburg ya ile kesi ya gari. Stevens alisema hapana, maneno hayo mawili yakiwa pamoja ni msemo, yanamaanisha kutumika jeshini.

Mimi si mwanasheria na ugomvi wao wa bunduki nawaachia wenyewe. Lakini ugomvi wa lugha naufahamu kwa njia ya nyumbani. Ukisema "amebeba silaha", umeniambia kilichoko mwilini mwake. Ukisema "wameshika silaha", hukuniambia chochote kuhusu viganja vyao. Umeniambia wameingia vitani, pengine wameasi. Neno ni lile lile, silaha, kitenzi kimebadilika, na maisha ya watu yamebadilika nacho. Sasa chukua lugha ambayo kitenzi kimoja kilifanya kazi zote mbili, ukae miaka mia mbili, kisha uwaulize majaji tisa.

Ndogo kuliko nini

Nifungue mabano hapa, kwa sababu limenikera muda mrefu.

"Silaha ndogo ndogo." Tunalisikia kwenye habari, kwenye mikataba, na wengi wanaona akilini bastola na visu. Ni tafsiri ya *small arms*, na udogo huo ni udogo mbele ya mzinga. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1997 lilizitenganisha kwa hesabu ya watu: ndogo ni zile zilizotengenezwa kutumiwa na mtu mmoja, nyepesi ni zile za kutumiwa na watu kadhaa wakishirikiana. AK-47 ni silaha ndogo. Bunduki za askari zilizowekwa chini pale Yorktown, ndefu kama mtu mfupi, ni silaha ndogo.

Kwa hiyo kila bastola ya ubavuni ni silaha ndogo, ila ndogo nyingi hazina ubavu wa kukaa. Na kile kifungu cha 22 cha Geneva kinazitaja pia hizo ndogo: zile zilizochukuliwa kwa majeruhi na bado hazijakabidhiwa panapohusika, kukutwa kwake kwenye kituo cha tiba hakukiondolei kituo ulinzi. Ukitafsiri "ndogo ndogo" pale, msomaji ataona droo ya bastola. Inaweza kuwa rundo la bunduki nyuma ya hema.

Mabano nayafunga.

Sehemu kumi na saba

Nilikaa na faili tena Jumapili moja, bila ile amri ya kubadilisha yote kwa mkupuo.

Polisi nilimwachia bastola yake, kwa kuwa ilikuwa bastola na kamera ilikuwa inaitazama. Rubani vivyo hivyo. Yorktown niliandika "maofisa wakabaki na silaha zao za kiunoni". Kiunoni, si ubavuni. Nilipigana na hili. Ubavu ndio uliomo kwenye Kiingereza, na ndio wa Nehemia. Lakini kwenye sikio langu silaha ya ubavuni inaweza kuwa pia silaha iliyomchoma mtu ubavuni, na kiuno ndipo tunapojifungia mambo. Anayetaka kunikosoa ana hoja, nami sina nguvu ya kubishana sana.

Appomattox nikaandika hivyo hivyo, makusudi, ili masikio yakumbuke Yorktown. Mhariri aliuliza kama si marudio. Nikamwambia ndiyo, ni marudio, hata wao walirudia.

Kuna askari wa miguu ambaye bunduki yake inakwama na anachomoa kilichoko kiunoni. Hapo hatimaye niliitumia ile "ya akiba" niliyoipenda, na ikakaa vizuri kwa sababu safari hii kulikuwa na iliyotangulia. Sehemu nne nilifuta jina kabisa: "alijifunga", "akachomoa", msomaji anaona mwenyewe. Sehemu ya kumi na moja ilikuwa besiboli, nusu dakika ya utani wa msimulizi, na ile programu yangu ilikuwa imempa mrusha mpira bastola. Sikumwambia mhariri. Anasoma blogu hii, kwa hiyo sasa anajua.

Ya kumi na saba ndiyo iliyonikwamisha.

Ni mwisho wa filamu. Mzee mmoja, ofisa aliyestaafu, anaonyeshwa akirudi nyumbani siku yake ya mwisho kazini. Anaufungua mkanda, anautundika nyuma ya kiti, anakaa. Msimulizi anasema kwamba ameivua *sidearm* yake. Nikaduwaa. Ikishatundikwa kwenye kiti, bado ni ya kiunoni? Kiuno chenyewe kiko wapi? Na kama si ya kiunoni tena, inaitwaje dakika hii, kati ya mwili na kiti?

Niliandika bastola, nikafuta. Niliandika silaha yake ya kiunoni, ikawa na herufi nyingi na uongo kidogo. Mwishowe nikaandika:

"Alivua mkanda, akautundika."

Mhariri hakuweka alama yoyote kwenye mstari huo.